Mwalimu Mgeni Aulize Yale Madogo

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwalimu anayekwenda kufundisha nchi ya mbali ajiandae na nini kabla ya kusafiri? Najua wengi watajibu lugha, na sibishani nao. Mimi ni mwalimu msaidizi wa Kiingereza nchini Japani, katika shule ya msingi na sekondari ya jirani yake, na jibu langu ni jingine. Ajizoeze kuuliza mambo madogo. Mikasa niliyoishuhudia huku, yangu na ya wenzangu, karibu yote ilizuka kwenye jambo ambalo kila mwenyeji analijua tangu utotoni, kiasi kwamba hakuna aliyewaza kuwa yupo mtu wa kuambiwa.

Chukua usahihishaji wa madaftari. Mwenzangu mmoja, mwalimu hodari mwenye uzoefu wa miaka, alikusanya kazi za darasa la tano akazisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kila sentensi iliyokuwa sawa aliiwekea alama ya vema, kama tulivyowekewa sote tulipokuwa shule. Watoto walipofungua madaftari, darasa lilipoa ghafla. Msichana wa kiti cha mbele, ambaye siku zote ndiye wa kwanza kunyoosha mkono, alichukua ufutio akaanza kufuta majibu yake mstari kwa mstari, majibu ambayo hayakuwa na kosa lolote. Huku Japani jibu sahihi huzungushiwa duara. Alama ile tunayoiita vema, mara nyingi ndiyo inayowekwa penye kosa. Na kazi bora kabisa huchorewa duara lenye petali pembeni, mfano wa ua, na mtoto akilipata hilo hulionyesha darasa zima. Bahati nzuri mwalimu mwenyeji alikuwemo darasani. Aliwaeleza watoto, madaftari yakakusanywa upya, na yule msichana akachorewa ua lake siku hiyohiyo. Sasa nani angemwambia mwenzangu mapema? Alikuwa amehudhuria semina, akafundishwa habari za maandalio ya somo na vitabu vya kiada. Namna ya kuweka alama ya kupata haimo kwenye semina, maana mwandaaji wake hajui kwamba kuna nchi wanaiweka vingine.

Mtu anaweza kushangaa, kwa sababu walimu wageni si jambo jipya huku. Mpango wa serikali wa kuwaleta, unaojulikana kama JET, ulianza mwaka 1987 na watu 848 kutoka nchi 4. Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo kamili lenye alama kwa darasa la tano na la sita, na darasa la tatu na la nne wana mazoezi yao ya lugha. Kwa hiyo wageni tupo shuleni kila mahali. Lakini shule inamzoea mgeni yule aliyekuwapo, na akiondoka anaondoka na yote aliyoyajua. Anayemfuata huanza sifuri.

Kuna na jambo la uhamisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowaumiza wageni kuliko baridi. Mwaka wa masomo huanza Aprili, na walimu wa shule za umma huhamishwa kila baada ya miaka kadhaa. Orodha hutoka mwishoni mwa Machi. Mwalimu aliyekuwa akikutafsiria matangazo ya asubuhi, anayejua kwamba huli nyama ya nguruwe, aliyekusindikiza hospitali, anaaga ukumbini mbele ya wanafunzi, na wiki inayofuata kiti chake kina mtu mwingine anayejaribu kulitamka jina lako. Ukimtegemea mtu mmoja tu, Aprili itakukuta mkiwa.

Nje ya shule hali ni ileile. Sheria kubwa zimeandikwa na utaambiwa: ukishapata makazi unajiandikisha ofisi ya manispaa ndani ya siku 14, na kitambulisho cha ukaazi unatembea nacho. Kupanga nyumba kunahitaji mdhamini, na wenye nyumba wengine bado wanadai kilemba kisichorudishwa, mbali na amana. Hayo yanachosha, lakini angalau yanajulikana. Kinachomsumbua mgeni ni mfuko wa taka. Kila aina ya taka ina siku yake, na mitaa mingi ina mifuko maalumu. Gari likipita na ndani ya mfuko wako mna kitu kisichostahili siku hiyo, mfuko unabaki palepale chini ya wavu wa kuzuia kunguru, umebandikwa stika, na jengo zima linauona. Wangu ulibaki. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye tulikuwa tukisalimiana tu, aligonga mlango na chupa ya plastiki mkononi. Akafungua kizibo akakiweka kando. Akabandua karatasi ya jina kuanzia pale penye vitobo vidogo, akaiweka upande mwingine. Akasuuza chupa kwenye sinki langu, akaikanyaga ikawa bapa, akanipa. "Haya, mwalimu, sasa wewe," akasema, akanisimamia mpaka zikaisha. Tangu siku ile sijawahi kukosa mtu wa kumuuliza. Hata tangazo la kukatwa maji nilipelekea kwake.

Wageni wengi hukimbilia ofisi ya walimu kengele ikilia, wakidhani kazi yao imekwisha. Nawasihi wasifanye hivyo. Mlo wa mchana huliwa darasani. Watoto wenyewe huvaa aproni nyeupe na kofia, hubeba masufuria na kugawa kwa zamu, na mwalimu hula kile wanachokula wao. Kisha hufuata usafi, na hapo wanafunzi wote hushika mifagio na matambara. Kipindini wengi wao hawathubutu kujibu swali kabla hawajanong'ona na jirani. Ukipiga magoti kufuta korido pamoja nao, yule aliyekuwa kimya muhula mzima atakuuliza una ndugu wangapi, tena kwa Kiingereza. Mimi nahesabu hicho kama kipindi cha kweli. Msomaji mwenye mwiko wa chakula asihofu: shule hutoa ratiba ya mlo ya mwezi mzima ikiwa na viambato vyake. Iombe mapema, keti na mtu anayesoma maandishi yao, mzipigie mstari siku zenye nguruwe, na siku hizo uje na chakula chako. Ukishasema mara moja kwa uwazi, hakuna anayekuona mkorofi. Wanachokiona kigumu ni mgeni anayebakiza chakula kimyakimya bila kueleza.

Viatu nitavipitia haraka: vya nje huishia mlangoni, vya ndani ni vingine, vya ukumbi wa michezo ni vingine, na chooni kuna ndara zake. Nunua vyote kabla ya siku ya kuripoti, hasa kama una mguu mkubwa, maana saizi kubwa hazipatikani kila duka.

Tetemeko, hata hivyo, silipiti haraka. Japani ina mfumo wa kutoa tahadhari uliofunguliwa kwa umma mwaka 2007, na simu zote hulia kwa mpigo sekunde chache kabla ya mtikisiko kufika. Nilikuwa nimesimama ubaoni na chaki mkononi. Kabla sijaelewa sauti ile inatoka wapi, watoto wote walikuwa wamekwisha kuingia chini ya madawati yao, vichwa ndani, mikono imeshika miguu ya dawati. Walikuwa watoto wa miaka tisa na kumi. Mvulana mmoja akanyoosha mkono akanivuta suruali: "Mwalimu, chini!" Nikainama. Mtikisiko ulipita bila madhara, wakatoka, wakavaa kofia zao za kitambaa kinene zinazokaa kwenye viti, wakapanga mstari. Kila shule hufanya mazoezi haya, na tarehe 1 Septemba ni siku ya taifa ya kujikinga na maafa, kwa kumbukumbu ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 lililoiharibu Tokyo na Yokohama. Wale watoto walikuwa wamefanya mazoezi hayo tangu chekechea. Mtu mzima pekee aliyekuwa mbele yao ndiye ambaye hakuna aliyemfundisha, kwa kuwa kila mmoja shuleni alidhani binadamu yeyote anajua.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande mbili. Shule zinazopokea wageni ziweke jina la mtu wa kuulizwa na jina la atakayemrithi akihamishwa, na majina hayo yatolewe kabla ya orodha ya Machi. Nanyi walimu mnaoondoka, mwachieni anayekuja daftari la makabidhiano lililoandikwa kwa mkono wenu, lenye alama za kusahihishia, siku za taka, ratiba ya usafi na nani anapenda kusaidia. Ninaloliandika mimi linaanza na maswali matatu ya kumpelekea makamu mkuu wa shule: darasa langu linakusanyika wapi likitokea tetemeko, nani anawahesabu watoto, na mimi kazi yangu ni ipi dakika hiyo. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki. Hayo matatu yaulizwe asubuhi ya kwanza, hata kabla hujaonyeshwa meza yako.