Shemeji anataka nyumba yetu kwa milioni 18

*Shikamoo Shangazi. Mimi na baba watoto tumetengana kwa amri ya Mahakama ya Wilaya. Nyumba yetu ya Chanika tuliijenga kwa miaka tisa. Hakimu ameamuru iuzwe, yeye achukue asilimia 60 na mimi 40. Karatasi ya kiwanja ina jina lake peke yake, lakini kisima nilichimba mimi kwa hela ya mchezo, na lipu ya vyumba viwili imetokana na vitumbua vyangu. Mthamini alipokuja nilifunga geti nikakaa ndani na watoto. Sasa shemeji anataka kununua kwa milioni 18, wakati jirani mwenye nyumba kama yetu aliuza milioni 40. Mwenzangu amekubali. Je, ning'oe madirisha na mageti niondoke navyo, au nikae humu mpaka wanitoe? Mama wa Watatu, Chanika.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia jioni, na mara zote mbili nilikwama pale kwenye geti. Nakuona umekaa sakafuni na watoto, mtu anagonga nje, nawe umewaambia wanyamaze. Sikulaumu hata kidogo. Nyumba uliyoipandisha kozi kwa kozi, ukalala njaa ili bati liezekwe, haisomwi mahakamani kama mali ya kugawana ukabaki mtulivu.

Lakini geti hilo lifungue wiki hii. Mtu uliyemfungia nje ndiye ambaye kazi yake ni kuandika thamani ya nyumba yako, akaweka sahihi na muhuri. Bila ripoti yake, milioni 40 ni habari za jirani tu, na milioni 18 ni mnunuzi aliyesimama na pesa mkononi. Shemeji anafaidika kila siku geti linapofungwa. Mpigie mthamini, muombe radhi, mtembeze mpaka kisimani, mwonyeshe lipu, mwonyeshe choo. Asiache kitu bila kukiandika.

Halafu acha kujiona kama umepewa hisani. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa jasho la wote wawili, au kuamuru iuzwe mgawane fedha, na kinaitaka ipime mchango wa kila mmoja kwa pesa, kwa mali au kwa kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seifu, ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, na hilo huniuma kila nikilikumbuka, lakini wanawake wengi baada yake wamegawiwa kwa sababu yake. Kwa hiyo jina la mwenzako kwenye karatasi ya kiwanja halikufuti wewe.

Kama kisima na lipu ulivieleza mbele ya hakimu naye akavipita, una sababu ya kukata rufaa. Kama hukuvieleza, rufaa ni mlima mkali, maana mahakama ya juu kwa kawaida hupima yaliyomo kwenye jalada. Muda wa rufaa huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo nenda kesho ukamuulize karani zimebaki ngapi. Ujue pia kwamba rufaa peke yake haisimamishi mauzo. Zuio la mauzo linaombwa kwa maombi ya pekee.

Sasa huyu shemeji. Mahakama imewatenganisha, haijawapa talaka, kwa hiyo ndoa bado ipo. Kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Amri ya hakimu imesema nyumba iuzwe. Haikusema auziwe kaka mtu kwa bei ya kutupa. Andika barua fupi kwamba bei hiyo huikubali na unataka ripoti ya mthamini iheshimiwe. Nakala moja mahakamani, moja serikali ya mtaa, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ila usikatae kila mnunuzi, mwanangu. Mkishindwa kuelewana, mwenzako ataomba hukumu ikazwe, yaani itekelezwe kwa nguvu, na nyumba itaishia kwa dalali wa mahakama. Kwenye mnada mshindi hutakiwa kulipa asilimia 25 papo hapo na kumaliza ndani ya siku 15. Wangapi Chanika wana pesa hiyo ndani ya ndala? Wanajitokeza wachache, bei inashuka, na gharama za dalali zinakatwa kabla yenu. Ndiyo maana nakusihi mkubaliane kumtafuta mnunuzi wenyewe, kwa bei ya ripoti, na malipo yapitie benki kila mtu na fungu lake. Ukiweza kumlipa mwenzako asilimia 60 yake ubaki na nyumba, vizuri, lakini kwa bei ya jirani hiyo ni milioni 24. Usiende kuikopa kwa watu wa kausha damu. Utapoteza nyumba na mtaji wa vitumbua pamoja.

Madirisha usiyaguse. Kila dirisha unalong'oa limo ndani ya asilimia 40 yako, na unampa mwenzako sababu ya kukupeleka polisi. Kukaa mpaka utolewe pia sikushauri. Vyombo hutupwa barabarani mchana, watoto wanarudi shule wanakuta godoro lao kwenye vumbi. Bora uombe kwenye makubaliano ya mauzo mkabidhi nyumba shule zikifungwa.

Usiende peke yako. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na hapa Dar es Salaam mashirika ya TAWLA na WLAC huwasaidia wanawake wasio na pesa ya wakili. Nenda na nakala ya hukumu na daftari la mchezo, ukurasa wenye jina lako siku uliyopokea hela ya kisima.

Niandikie mthamini akishapita, nijue kama kisima amekiandika.

Shangazi