Nanosekunde 40 zinatosha, dada, anza kuandika

Dada, umesema zimebaki siku tisa za kuwasilisha mradi, simulesheni ya protini yako (kuiga mwendo wake kwa kompyuta) imefika nanosekunde 40 kati ya 100 ulizoahidi, na umeme hapo Wandegeya unakatika ovyo. Unauliza uendelee au uandike.

Andika. Kwa hatua za femtosekunde 2 (femtosekunde ni sehemu ya milioni ya nanosekunde), nanosekunde 60 zilizobaki ni hatua milioni 30. Laputopu yako haitazimaliza. Iache iendelee usiku tu. GROMACS, programu inayoendesha simulesheni, huhifadhi hali ya kazi kila dakika 15 usipobadilisha, kwa hiyo umeme ukirudi endelea na faili la cpt, ndilo lenye hali hiyo. Mimi nilianza upya mara mbili kabla ya kulijua hilo, mpaka leo naona haya.

Tupa nanosekunde 10 za mwanzo, protini ilikuwa bado inatulia. Zile 30 zikate vipande vitatu, upige wastani wa unachopima katika kila kimoja peke yake. Vikikaribiana, una jibu pamoja na kadirio la kosa lake. Visipokaribiana, liseme hilo waziwazi. Mhadhiri atakubana zaidi ukificha. Picha za protini za rangirangi? Moja inatosha jamani.

Na leo hii nakili faili zote kwenye flashi.