Fomu iandikwe "Jinsi" au "Jinsia"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Fomu yetu ya kuandikisha wanafunzi ina kisanduku cha "Jinsia: Me/Ke". Mkaguzi alipoiona akasema iandikwe "Jinsi". Mwenzangu hapa ofisini anapinga: kwake jinsi ni namna, kama jinsi ya kupika pilau, haihusiani na me wala ke. Nani yuko sahihi? Tena tunafundisha "majukumu ya kijinsia", na wanafunzi wakiombwa mfano, wa kwanza kabisa husema kuzaa. Niwape vema au niwakoseshe?

JIBU: Mwalimu, mkaguzi wenu yuko sahihi, na hao wa kuzaa wakoseshe. Mwenzako naye hajapotea, ila ameshika nusu ya neno.

Jinsi lina maana mbili na zote ni halali. Moja ni namna au njia ya kufanya jambo. Nyingine ni hali ya kiumbe kuwa wa kike au wa kiume kwa maumbile yake. Hazigongani, kwa kuwa sentensi yenyewe huzitenga: likifuatwa na kitenzi ("jinsi ya kupika", "jinsi alivyokuja") ni namna, likisimama peke yake kwenye orodha, au likifuatwa na "ya kike" na "ya kiume", ni maumbile. Taarifa za sensa Tanzania hugawa watu "kwa umri na jinsi", na sijasikia mtu aliyezisoma akadhani anafundishwa upishi.

Jinsia ni yale ambayo jamii imemkabidhi mtu kwa sababu tu amezaliwa mwanamke au mwanamume: kazi zake, mavazi yake, mahali pa kukaa shughulini, nani azungumze kwanza kikaoni, nani ashike pesa za mavuno.

Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, na hapo pana kichekesho kwa ndugu zetu walioko Muscat. Kiarabu cha leo "jinsiya" ni uraia. Mswahili akipewa fomu kule, penye "jins" ndipo pa kuandika me au ke. Penye "jinsiya" aandike nchi yake.

Tofauti hii ya jinsi na jinsia si ya kale katika Kiswahili. Ilipata nguvu miaka ya 1990, wakati mashirika ya utetezi kama TGNP (Mtandao wa Jinsia Tanzania), lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1993, yalipohitaji kusema jambo ambalo neno moja halikuweza kulibeba. Mwaka 1995 ukaja mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing, China, Katibu Mkuu wake akiwa Mtanzania, Gertrude Mongella, na watu wakaanza kuyaita mambo hayo yote "mambo ya Beijing", wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Leo jinsia lina wizara, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Kenya mambo ni tofauti kidogo, na sitamsahihisha Mkenya kwa hili. Huko jinsia hubeba maana zote mbili. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inataka vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Ukienda bungeni kuhesabu viti, unachohesabu ni jinsi. Lakini sheria haikutungwa kwa sababu ya miili ya watu. Ilitungwa kwa sababu ya desturi zilizowaweka wanawake nje ya viti hivyo, na hiyo ni jinsia. Neno moja likifanya kazi mbili ndani ya sentensi moja, mwanasheria ataelewa. Mwanafunzi wa kidato cha pili atapotea. Ndiyo maana kwenye kufundisha na kwenye takwimu natetea kuyatenga.

Sasa majukumu ya kijinsia. Wape wanafunzi swali moja la kupimia: mtu wa jinsi ya pili akifundishwa, anaweza? Kubeba mimba hawezi, kuzaa hawezi, kunyonyesha hawezi. Hayo ni ya jinsi, yako hivyo Morogoro na Moscow. Kumpikia uji mtoto yuleyule, kumwogesha, kumbeba mgongoni kwenda kliniki, anaweza. Hayo ni majukumu ya kijinsia, na kwa kuwa yamepangwa na watu, ukihama kijiji au ukingoja kizazi kimoja utayakuta yamepangwa vingine.

Wakitaka kuona jukumu likizaliwa, wapeleke kwa mawazo hadi Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza huko mwaka 1989. Hakikuwepo kabla, kwa hiyo hakuna babu wala bibi aliyeacha wosia kwamba hii ni kazi ya nani. Wanaume nao walijaribu. Baada ya muda wengi wakaondoka, na leo wakulima wa mwani Zanzibar kwa sehemu kubwa ni wanawake. Kijana wa kijijini ukimuuliza atakwambia mwani ni kazi ya kina mama, kama vile imeandikwa mbinguni.

Nini kilitokea? Eneo linalokauka maji yakipwa lilikuwa tayari mahali pa wanawake: huko ndiko walikookota chaza na kombe na kuchokoa pweza, huku wanaume wakienda na ngalawa maji makuu. Mwani hufungwa kwa vijikamba kwenye kamba ndefu iliyokazwa baina ya vigingi, palepale penye maji ya magotini, na hushughulikiwa zaidi siku za bamvua maji yanapopwa sana. Kazi ikaangukia mahali palipokwisha kuwa na wenyewe. Bei nayo ilikuwa ndogo, na mwanamume aliyekuwa na njia ya kwenda kuvua au kutafuta kibarua hotelini alikwenda. Mikono ya wanawake haikuumbwa kufunga mwani.

Sehemu ya pili ya kisa ndiyo inayonikereketa. Mwani uitwao kotonii, wenye bei nzuri zaidi, ulianza kufa kwenye maji ya kina kifupi bahari ilipozidi kupata joto. Dawa ikawa kuuhamishia maji ya kina kirefu, na huko kunataka chombo na kujua kuogelea. Wengi wa wanawake hao wamekulia mita chache kutoka baharini na hawajafundishwa kuogelea, kwa sababu kwa desturi wasichana hawakufundishwa. Mtu akija kuandika ripoti kwamba wanawake "hawawezi" kilimo cha maji makuu, atakuwa ameandika jinsi pahali pa jinsia, na kosa hilo la neno linaweza kuamua nani apewe boti.

Lugha yetu nayo ina mkono wake humo. Wapo wanaosema Kiswahili hakibagui, kwa kuwa "yeye" ni mmoja na kiambishi "a-" hakimwonyeshi mke wala mume. Kwenye sarufi ni kweli. Lakini sikiliza vitenzi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja mtenda, mwingine mtendwa, kabla hata sherehe haijaanza. Kijana akihamia nyumba ya mkewe mtaa mzima utasema "kaolewa", na kila mtu anajua hilo ni tusi, hali harusi ni ileile na cheti ni kilekile. Kwa mtu asiyetaka kupendelea upande, "wameoana" lipo na ni Kiswahili safi.

Sikiliza pia pale watu wanapolazimika kuongeza neno. Twasema "rubani wa kike" na "nesi wa kiume". Hatusemi "rubani wa kiume". Kinachoongezewa maelezo ndicho jamii haikukitarajia. Halafu kuna mama ntilie, kazi iliyobatizwa jina la mwanamke moja kwa moja. Wanaume walipoingia kwenye biashara hiyo ikabidi waundiwe jina la baba lishe. Lakini pwani, masufuria makubwa ya pilau ya harusi mara nyingi husimamiwa na mwanamume, na huyo haitwi baba wa chochote. Huitwa mpishi. Ningewapa wanafunzi mfano huu kabla ya wowote uliomo vitabuni.

Kuna mchanganyo mwingine hukuuliza, nao kwangu ni mbaya kuliko wa kwenye fomu yenu: "kijinsia" na "kingono". Vyombo vya habari huandika "unyanyasaji wa kijinsia" kwa mwalimu aliyemshika mwanafunzi maungo, labda kwa kuona haya. Huo ni unyanyasaji wa kingono. Ukatili wa kijinsia ni jina pana zaidi: mume anayechukua pesa zote za mwani alizovuna mkewe anafanya ukatili wa kijinsia bila ngono yoyote kuwamo, na baba anayemwachisha binti shule ili kaka yake asome, vivyo hivyo. Mkimfundisha mtoto kusema "kijinsia" kwa kila kitu, siku atakapohitaji kueleza alichofanyiwa hatakuwa na neno la kukitaja.

Kuhusu fomu, basi: andikeni "Jinsi: Me/Ke". Ikibaki "Jinsia" hakuna atakayeshindwa kuijaza, maana mazoea yamelikubali neno hilo pahali hapo, na zipo fomu rasmi nyingi zenye mazoea hayohayo. Na kama mwanafunzi atauliza habari za huntha, anayezaliwa na maumbile yasiyoingia sawasawa upande wowote, mjibuni kwamba hilo ni suala la jinsi, mwili wenyewe. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu kwa safu yao: walikuwa 1,524 kati ya watu 47,564,296. Kuwaita "watu wa jinsia mbili", kama wengi wanavyofanya, hakuwaelezi. Huntha ni neno letu la siku nyingi na halina tusi ndani yake.