Maswali ya Wasomaji: Pasaka ya Kwanza Baada ya Msiba

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alifariki Novemba, nimebaki na watoto watatu. Pasaka tulizoea kununua nguo mpya na kuchinja; mwaka huu hela hakuna. Nikiwaza kwaya ikiimba "Amefufuka" machozi yananitoka. Mwenzangu kanisani anasema kulia ni kuukana ufufuo. Nifanyeje?
Mjane, Tukuyu

JIBU: Pole sana, dada. Mwenzako ameshika nusu ya 1 Wathesalonike 4:13. Paulo anawaambia waamini wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini", hakuwakataza kuhuzunika. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro muda mfupi kabla ya kumfufua. Katika Yohana 20, Mariamu Magdalena analia kaburini asubuhi ile ile ya Pasaka. Anaulizwa analilia nini, kisha anaitwa kwa jina lake. Hakemewi hata kidogo.

Usiiruke Ijumaa Kuu. Wengi wenye msiba huikwepa kwa kuogopa kuumia, halafu Jumapili wanalazimika kuigiza furaha, na kuigiza huko ndiko kunakowamaliza nguvu. Soma Zaburi 22 yote kwa sauti, aya 31. Inaanza na "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" na haigeuki kuwa sifa mpaka aya ya 22. Ukiishia njiani siku hiyo, ishia hapo hapo. Kilio hicho nacho ni sala.

Kama wewe ni Mmoraviani, kama walivyo wengi huko Rungwe tangu wamisionari walipofika 1891, una hazina kubwa: ibada ya alfajiri makaburini, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Liturujia yake ina ombi linalowakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita. Mwaka huu mume wako yumo katika ombi hilo, kwa hiyo tungependa sana uende. Jumamosi fyekeni kaburi pamoja na watoto, nao waweke maua kwa mikono yao. Mweleze mchungaji mapema kwamba hii ni Pasaka yako ya kwanza baada ya msiba. Nenda na mtu mmoja anayejua kunyamaza, simameni pembeni ili ukizidiwa uweze kutoka bila kupita katikati ya watu. Watoto wavae masweta na mchukue miavuli. Unaijua mvua ya Tukuyu msimu huu.

Kuhusu hela, tafadhali usikope kwa ajili ya sikukuu, na hasa usiiguse mikopo ya kausha damu. Habari ya nguo waambie watoto sasa, wasije wakaigundua Jumapili asubuhi. Kisha waache wachague chakula kimoja mnachokimudu, hata kama ni ndizi na maharage. Yesu mfufuka alikula kipande cha samaki wa kuokwa, na kando ya ziwa akawaandalia wanafunzi mkate na samaki. Meza yenu haipungukiwi kitu mbele zake.

Jihadhari zaidi na wiki inayofuata, wageni wanapokuwa wameondoka. Majira ya Pasaka ni siku 50, hadi Pentekoste. Omba wanawake wa kanisani wapangiane zamu, mmoja akutembelee kila wiki, na siku ijulikane, maana "nitakuja siku moja" haiji. Ukikosa usingizi au hamu ya chakula kwa wiki mbili mfululizo, nenda hospitali. Ukipata wazo la kutaka kufa, nenda siku hiyo hiyo na umwambie mtu wa karibu. Maombi yaendelee ukiwa unatibiwa.

SWALI: Sina msiba, ila imani imepoa. Je, niende ibada ya Pasaka nikiwa na mashaka?
Kijana, Dodoma

JIBU: Nenda. Mathayo 28:17 inasema walipomwona Yesu walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka", na hao pia walitumwa. Tomaso alikaa siku nane bila kuamini, lakini Yesu alipokuja alimkuta yumo ndani na wenzake. Usijitenge nao. Ukitaka mahali pa kuanzia kusoma, chukua Marko 16:1-8, ambapo wanawake wanalikimbia kaburi wakitetemeka na hawamwambii mtu neno.