Muuzaji Hunolewa Akiwa Kaunta

Mtaani kwetu Kariakoo maduka ya vifaa vya ujenzi yamebanana. Nondo zinatoka viwanda vilevile, saruji ni ileile, na bati la msauzi lililoko kwangu lipo pia kwa jirani. Bei tunapishana kidogo sana, na mteja akishapiga simu mbili tatu anakuwa amezijua zote. Sasa kwa nini fundi ayapite maduka manne aje kununua kwenye la tano? Nimesimamia timu za mauzo katika biashara hii kwa miaka mingi, na kila nikiwauliza mafundi swali hilo majibu yanafanana: pale kuna mtu tunayeelewana naye, anaijua kazi. Mtu wa namna hiyo humpati kwa tangazo la ajira. Anatengenezwa palepale kaunta, na mtu aliyemtangulia, kidogo kidogo.

Naandika kwa ajili ya mwenye duka au meneja mwenye watu watano, kumi au ishirini chini yake, ambaye anaona mauzo yamesimama na hajui aanzie wapi. Wengi ninaowafahamu hukimbilia mambo mawili. La kwanza ni semina. Timu inapelekwa hotelini mwisho wa wiki, wanagawiwa fulana na vyeti, wanapiga picha ya pamoja, na Jumatatu wanauza vilevile walivyouza Ijumaa. La pili ni kumvuta muuzaji mkali kutoka duka jingine kwa mshahara mkubwa. Huyo anakuja na wateja wake ndani ya simu, na siku akivutwa tena anaondoka nao. Mwenye duka anabaki na shelfu zake na daftari la madeni.

Semina ina mahali pake. Ikiingia programu mpya ya stoo, au sheria ya kodi ikibadilika, waketishe watu wote pamoja uwaeleze. Lakini kumsoma mteja, kujua lini uulize na lini unyamaze, hilo halifundishiki ukumbini.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho. Mama mmoja aliingia dukani mchana, jua kali, akasalimiwa shikamoo, akaitikia na hapohapo akauliza, "Mwanangu, saruji bei gani?" Aliyekuwa kaunta ni kijana mwenye miezi michache kazini. Akataja bei. Mama akasema anataka mifuko arobaini. Kaka mkubwa wa duka alikuwa amekaa nyuma kwenye katoni za misumari, anasikia kila neno, hakutia mdomo. Kijana akashika kitabu cha oda, akasita, ndipo akauliza: "Mama, hii saruji ni ya kazi gani?" Akajibiwa kwamba fundi anataka kumwaga nguzo na mkanda. Kijana akamsogeza hadi kwenye mifuko, akamwonyesha kwa kidole namba ya nguvu ya saruji iliyochapwa: hii ya 32.5 watu wengi wanajengea tofali na kupigia plasta, ya nguzo chukua ile ya 42.5, zege lake likifika siku 28 linakuwa na nguvu zaidi. Mama akampigia fundi wake. Fundi akasema huyo kijana yuko sahihi.

Mteja alipoondoka, kaka mkubwa alimwita pembeni. Hakumsifu wala hakumfokea. Alimuuliza tu, "Umeionaje hiyo?" Kijana akasema alichelewa kuuliza. "Ungeuliza lini?" "Kabla sijataja bei." Basi, wakarudi kazini. Mazungumzo yote hayakuzidi dakika mbili. Kesho yake nilimsikia kijana yuleyule akianza na swali, kisha bei.

Angalia alichokifanya yule mkubwa. Angeweza kuruka mbele na kumhudumia mama yule yeye mwenyewe, na mauzo yangekuwa yaleyale. Ila kuanzia siku hiyo mama angemtafuta yeye kila akija, na kijana angebaki mtu wa kubeba mifuko. Kunyamaza kwake pale nyuma ndiko kulikomjenga kijana, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye uzoefu. Mimi humwambia kila ninayempa kazi ya kunoa wengine: ingilia tu pale mteja anapotaka kuumia au duka linapotaka kuingia hasara. Mengine subiri mteja aondoke.

Utaratibu huu una historia. Mwaka 1940, vita vikiwa vimekwishaanza Ulaya, serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwafundisha wasimamizi wa viwanda namna ya kufundisha, kwa kuwa viwanda vilikuwa vinajaa watu wapya, na miaka iliyofuata wanawake wengi ambao hawakuwahi kushika mashine. Hatua zilikuwa nne: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, afanye mwenyewe huku unamtazama, kisha mfuatilie. Kauli yao ilikuwa kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, basi mwalimu hajafundisha. Baada ya vita mbinu hizo zilipelekwa Japani, zikachukuliwa na viwanda vya huko, Toyota kikiwemo. Hata Kaizen, ile mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, ambayo wizara yetu ya viwanda pamoja na JICA, shirika la Japani la misaada ya maendeleo, walianza kuipeleka kwenye viwanda vya Tanzania mwaka 2013, sehemu ya mizizi yake iko humo.

Katika maduka yetu hatua ya pili tunaifanya vizuri sana, tunapenda kuonyesha. Ya tatu na ya nne ndizo tunazoziruka. Kijana anaambiwa mara moja uzito wa nondo, anaitikia "sawa bosi", na tunadhani amejua. Mimi nataka apime mwenyewe. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 iliyotimia ina uzito wa kilo 10.7 hivi. Anaichukua stoo, anaiweka kwenye mizani, anaandika. Halafu anapiga hesabu: tani moja ni nondo ngapi? Karibu 94. Ya milimita 16 je? Inakaribia kilo 19, kwa hiyo tani ni kama 53. Baada ya wiki namuuliza tena bila kumtahadharisha, akiwa anapakia mzigo kwenye kirikuu. Mkandarasi anapopiga simu anataka tani mbili za mm 12, kijana huyu anajibu "nondo mia na themanini na nane hivi" kabla hajatafuta kikokotoo. Na sokoni, ambako zipo nondo zilizopungua unene, mteja akija na wasiwasi kijana anamwambia twende kwenye mizani. Mauzo ya namna hiyo hayahitaji kupunguza bei.

Hadi hapo nimezungumzia kunoa, maana yake kumfanya mtu aiweze kazi iliyo mbele yake. Kulea ni jambo pana zaidi, linahusu maisha yake na mahali anakokwenda. Nimewahi kuwa na muuzaji hodari ambaye ghafla alianza kuharibu. Simu yake inaita muda wote, anatoka nje kuongea, bei anazowapa wateja hazieleweki, na mawinga, madalali wa mtaani, wamekuwa marafiki zake wa karibu kupita kiasi. Ukimnoa mtu kama huyo kuhusu huduma kwa mteja unapoteza muda wako. Tatizo lilikuwa mkopo wa kausha damu aliouchukua kwa ajili ya ugonjwa wa mzazi, riba inapanda kila wiki, naye anatafuta pa kuchomokea. Hakuniambia mimi. Alimwambia dada yetu wa keshia, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa mlezi wake.

Ndiyo maana sikubali mlezi wa mtu awe bosi wake wa moja kwa moja. Nani atamweleza madeni yake mtu anayepanga mshahara wake? Kwetu kijana wa kaunta analelewa na mtu wa stoo au wa malipo, na wa stoo analelewa na mtu wa kaunta. Wanakunywa chai pamoja, wanaongea. Sitaki ripoti. Nataka tu mlezi aje kwangu pale anapoona jambo limemzidi uwezo, na aje kwa ridhaa ya kijana. Yule wa kausha damu tulimpa mkopo wa duka usio na riba, tukamkata kidogo kidogo. Gharama yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na kumpoteza mtu anayejua wateja wote wa njia ya Mbagala.

Kuna hofu moja ninaisikia kila ninapozungumza na wenye maduka: "Nikimfundisha kila kitu ataondoka akafungue lake." Ni kweli, wapo watakaoondoka. Lakini watazame Wakinga wa Makete, ambao Kariakoo kila mtu anawajua. Mfanyabiashara analeta kijana kutoka nyumbani, anamweka dukani, anamfundisha kununua, kuuza na kutunza hela, na akishaiva anamsaidia kusimamisha duka lake. Nigeria nako Waigbo wana desturi yao inayofanana: kijana anatumikia kwa tajiri wake miaka kadhaa, na mwisho tajiri anampa mtaji wa kuanzia. Masoko ya Onitsha, Nnewi na Alaba kule Lagos yamejaa watu waliopita njia hiyo. Matajiri hao hawakufilisika kwa kufundisha. Walipata mtandao wa maduka yanayonunua kwao.

Mwambie kijana wazi tangu mwanzo: ukikaa kwa uaminifu ukaiva, siku ukitaka kwenda kufungua fremu yako Chanika au Kibaha, nitakupa mzigo wa kwanza kwa mali kauli, unalipa ukishauza. Kijana mwenye ahadi hiyo haibi wateja, hana sababu. Anajua kwamba jina lake zuri dukani ndilo mtaji wake. Na akishafungua, atachukua nondo wapi kama si kwako?

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linaloachwa zaidi: malipo. Maduka mengi yanalipa kamisheni ya mtu mmoja mmoja. Ulichouza ndicho unachokula. Halafu mwenye duka anamwambia muuzaji wake bora, "Mfundishe huyu mdogo wako." Kwa hesabu gani? Kila dakika anayokaa na kijana ni mteja anayempita, na kila mteja anayemwachia kijana ni pesa inayotoka mfukoni mwake. Ana watoto shuleni, ana kodi ya nyumba. Akificha ujuzi wake mimi simlaumu, mfumo wa malipo ndio unaomwambia afiche.

Tulichobadilisha ni hiki. Kamisheni tuliigawa, sehemu ya mtu na sehemu ya timu nzima, na ya timu inalipwa lengo la mwezi likifikiwa. Kisha anayemnoa kijana anapata asilimia fulani ya mauzo ya kijana huyo, inayopungua kadiri kijana anavyokomaa hadi inaisha. Wateja wote tukawahamishia kwenye laini ya duka. Oda za WhatsApp zinaingia kwenye simu moja inayoshikwa kwa zamu, na historia ya kila mteja iko kwenye daftari ambalo yeyote wa kaunta anaweza kulifungua. Hapa ndipo kelele zilipotokea. Waliokuwa wamezoea kumiliki wateja waliona wamenyang'anywa, na mmoja wao aliondoka. Iliuma, maana alikuwa muuzaji mkubwa kweli. Hata hivyo wateja wengi walibaki, kwa kuwa walishazoea kuhudumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kuhusu nani apewe kazi ya kunoa, usichague kwa kuangalia jedwali la mauzo peke yake. Wauzaji wengine wakali wanauza kwa kipaji na hawawezi kueleza wanachokifanya. Mimi humtafuta yule ambaye vijana wanamfuata wenyewe wakikwama. Kwetu alikuwa mtu wa kati kwa mauzo, mpole, haoni taabu kurudia jambo. Nilipompa rasmi kazi hiyo na malipo yake, hakuna aliyeshangaa.

Muda haukosekani. Duka la vifaa vya ujenzi lina saa zake: asubuhi mafundi wanajaa, jioni malori yanarudi, na kati ya saa nane na saa kumi mchana watu wamekaa wanachezea simu. Saa hizo ndizo za mizani, za hesabu ya mabati kutoka kwenye orodha ya fundi, na za kurudia mazungumzo ya asubuhi na mteja aliyeondoka bila kununua.

Ili ujue kama inafanya kazi, tazama mambo mawili tu. Mzigo unaorudishwa kwa sababu mteja alipewa kisicho sahihi unapungua? Na muuzaji wako mkubwa akienda likizo, mauzo yanashuka kiasi gani? Andika namba hizo kila mwezi ukutani ofisini, timu izione. Kama una watu watatu tu, anza na kijana mmoja na mkubwa mmoja, ila kaa kwanza na mkubwa huyo mmalizane kuhusu kamisheni yake kabla hujamkabidhi mtu wa kumnoa.