Ninachoandika kila jioni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na swali lako limenichekesha kabla ya kunikera. Umeuliza: "Mama, tangu ustaafu siku zote ni zilezile. Unaandika nini kwenye hayo madaftari kila jioni, na nani atayasoma?"

Hilo la kwanza lina ukweli wake. Mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu niliandika ovyo. Mwezi mmoja nimeuhesabu: mara 11 nimeandika "Leo hakuna jipya." Nilipokuwa kazini, kazi ndiyo iliyonipangia cha kuandika: vikao, safari, ugomvi wa ofisini. Ilipoondoka nikabaki na kalamu mkononi kama mtoto aliyesahau alichotumwa.

Basi nikajiwekea mwiko. Sentensi ile siiandiki tena. Ikinijia, sharti niandike neno moja nililolisikia siku hiyo, vilevile lilivyosemwa. Ukijua jioni utadaiwa neno la mtu, mchana unasikiliza. Na siandiki tena saa za kulala. Usiku mimi huandika malalamiko matupu, asubuhi nikiyasoma naona aibu.

Kuna mwanasaikolojia Mholanzi, Willem Wagenaar, aliyejiandikia matukio ya maisha yake kwa miaka 6, yakafika kama 2,400: nini, nani, wapi, lini. Kisha akajipima mwenyewe. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1986 yalionyesha kwamba tarehe peke yake ilikuwa haimkumbushi karibu chochote. Jambo lenyewe, lile "nini", ndilo lililomrudishia mengi. Nami madaftari yangu ya kazini yamejaa tarehe na "kikao, saa nne". Kikao gani, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa nikwambie kilichonifanya niendelee. Unakijua kisa changu cha wewe kuanza kutembea: umenyoosha mikono, unanijia, mimi nimechuchumaa mlangoni. Nimekisimulia miaka na miaka, hata siku ya harusi yako. Mwaka jana nikafungua daftari la wakati ule. Sikuwapo. Nilikuwa mbali, kwenye mafunzo ya kazi, wiki ya pili. Nimeandika hivi: "Baba yake amepiga simu. Mtoto katembea, hatua nne. Nimefunga mlango nikalia."

Mlango ulikuwapo, mwanangu, ila haukuwa ule.

Sikuwadanganya, nilikiamini, na hata sasa ninapoandika nakuona ukinijia. Kumbukumbu ilinionea huruma, ikanipa nafasi ambayo sikuwa nayo. Nilikaa na daftari lile magotini mpaka giza likaingia. Sikukipenda nilichokisoma, lakini yule mwanamke anayelia chumbani ni mimi kweli, na nilikuwa nimemsahau kabisa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nazo hupotea hivyohivyo, tena vibaya zaidi: fedha ikipotea, angalau pengo unaliona. Siku ikipotea, mahali pake panaingia kisa kizuri nawe unakaribisha.

Umeniambia pia niyaonee huruma macho yangu. Samuel Pepys, yule Mwingereza wa London mwenye shajara mashuhuri, aliianza Januari 1660 akaiacha Mei 1669 kwa kuogopa kupofuka. Hakupofuka, na aliishi karibu miaka 34 zaidi bila kuirudia. Mimi naandika kwa herufi kubwa, basi. (Ukianza la kwako, usibandike risiti za mashine ukidhani ni ushahidi. Zangu kadhaa sasa ni karatasi nyeupe tupu. Niliyoyaandika kwa penseli ujanani yanasomeka kama ya jana.)

Nani atayasoma? Kwanza mimi, kama ulivyoona. Nikiondoka ni yako na wadogo zako. Mawili nimeyafunga kamba, ya mwaka niliogombana na shangazi yako. Usiyachome, ila usiyafungue kabla hujasoma la mwaka uliofuata, tulipopatana.

Nami nina swali langu. Daftari la mwaka uliokuwa darasa la sita lina mstari huu: "Amelia tena usiku, wa tatu mfululizo. Hataki kusema." Kinachofuata ni kurasa mbili nzima za ripoti ya ofisi ambayo leo hata siikumbuki ilihusu nini. Sababu ya kilio chako sikuiandika popote. Nimepekua mpaka mwisho wa mwaka. Kama unakumbuka, niambie. Pembeni pana nafasi ya kutosha.

Mama yako