Kwa nini aspirini yako imefika asilimia 109

Ndugu, umeeleza kwamba gramu 2.00 za asidi ya salisiliki na mililita 5 za anhidridi ya asetiki zimekupa gramu 2.85 za aspirini, yaani zao (kiasi ulichopata kikilinganishwa na kile cha juu kabisa kinachowezekana) la asilimia 109. Kanuni uliyotumia, ya kugawanya gramu ulizopata kwa gramu za juu kabisa zinazowezekana, ni sahihi. Tatizo limo katika kile ulichokipima. Gramu 2.00 ukizigawanya kwa 138, ambazo ni gramu za moli moja (kipimo cha kemia cha idadi ya molekuli) ya asidi ya salisiliki, unapata moli 0.0145, ilhali anhidridi ni takribani moli 0.053, kwa hiyo asidi ndiyo inayoisha kwanza na kuweka kikomo. Na kwa kuwa kila moli ya asidi hutoa moli moja ya aspirini, unazidisha 0.0145 kwa 180, gramu za moli moja ya aspirini, na kupata gramu 2.61, ambazo huwezi kuzizidi hata ukifanya kazi kwa ustadi wa namna gani. Gramu 0.24 za ziada si aspirini, na mara nyingi huwa ni maji. Fuwele zikishikamana na kung'ang'ania kijiko, bado ni mbichi. Zikinuka siki, hazikuoshwa vya kutosha. Zioshe kwa maji baridi sana kidogo tu, zikaushe, uzipime mara kwa mara mpaka uzito uache kushuka, ndipo ugawanye kwa 2.61 na kuzidisha kwa 100.